Kete Nyeusi za Binti wa Fundi Saa

4 Machi

Baba, shikamoo. Natumaini mguu unaendelea vizuri na mama hajambo. Mimi mzima, ila mikono imeungua kidogo na trei za mikate.

Jumapili ya tarehe 15 nacheza fainali ya sataranji na Daktari, bingwa wa miaka tisa. Nimepangiwa kete nyeusi. Nikishinda naingia timu ya taifa. Tukitoka sare anaingia yeye, mimi naenda kama mchezaji wa akiba. Amewaambia watu ukumbini, "Huyo mwoka mikate ni wa saa moja tu." Nilimsikia. Nitamfunga.

Binti yako

10 Machi

Marahaba, mwanangu. Mguu sasa unanibeba, nimerudi dukani; saa mbovu zimejaa droo mbili. Mama yako anasema ule vizuri.

Daktari namfahamu tangu ujana. Anaanza na askari wa pembeni, anakuachia uwanja wa katikati, ukijisahau anauvunja kutoka mbali. Wewe uuchukue, kisha uulinde.

Baba yako

16 Machi

Baba, shikamoo. Hamjambo wote?

Alianza pembeni kweli. Nikajaza askari wangu katikati; kila alipowatishia, niliongeza mlinzi. Saa ya pili akaanza kufutafuta miwani. Akaninyooshea mkono: "Tufanye sare, binti. Nafasi ya akiba si haba."

Nilitamani kukubali, sikufichi. Lakini farasi wangu alikuwa ameketi mlangoni kwa mfalme wake. Nikamwambia, "Asante, Daktari. Tuendelee."

Hatua sita baadaye malkia wangu aliingia, mfalme akakosa pa kukimbilia. Daktari akamlaza mfalme wake mwenyewe, kukubali kwamba ameshindwa.

"Nani kakufundisha?"

"Baba yangu, fundi saa."

"Msalimie. Nilidhani ameacha sataranji."

Hatua zote nimekuandikia nyuma ya karatasi. Timu tunasafiri mwezi ujao.

Binti yako

21 Machi

Mwanangu, hatujambo.

Salamu zimefika. Mechi yako nimeipanga dukani, mama yako akisoma hatua, mimi nikisogeza kete. Mteja alikuja kuchukua saa yake, akavuta kiti, akasahau kilichomleta. Umecheza mchezo ambao mimi sikuwahi kuucheza.

Ila hatua ya kumi na tisa ulijiachia wazi. Angevuta ngome, ungeniandikia barua nyingine kabisa. Kabla ya safari njoo ulale hapa siku mbili. Mimi nitashika nyeupe.

Baba yako