Majina Niliyoyafuta

Kasingirima, Jumanne

Ni mimi niliyeyafuta, wala si Yohana anayemsaidia binti yangu kazi.

Leo barua ya wakili imefika. Binti yangu Konsolata anadaiwa kuiba msimbo wa kompyuta alioutumia katika programu ya wavuvi wa Ilagala. Msimbo ule ni huria. Kila mtu ameruhusiwa kuutumia, mradi majina ya waandishi wa kwanza yabaki juu ya kila faili.

Mwaka jana aliniomba nimtafsirie maelezo yaliyomo katika faili hizo kwa Kiswahili. Nikayakuta majina ya wageni juu ya kazi ya mwanangu. Kwetu misheni, daftari lisilo na jina la mwanafunzi halikusahihishwa. Basi nikayafuta yote, nikaandika lake, kwa herufi za heshima kabisa. Naomba radhi, nilidhani namsaidia.

Mezani alinicheka. "Baba, samaki huyu mgebuka amekukosea nini, mbona unamtazama hivyo?" Kisha sauti ikabadilika. "Aliyefuta ni Yohana, hakuna mwingine aliyegusa faili. Wewe ulitafsiri tu. Kesho namfukuza kazi."

Yohana ana watoto watatu.

Nilifungua kinywa ili nikiri. Unisamehe, marehemu mke wangu. Niliomba chumvi.