Nilisukuma mshale wa saa, mpiga kengele ndiye anayeshitakiwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usicheke kabla ya kufika mwisho. Mimi ni préfet, yaani mkuu, wa shule ya sekondari iliyokimbia vita kutoka upande wa Fataki, na hapa Bunia tulipokelewa na shule nyingine, wao wanasoma asubuhi, sisi mchana, na préfète wao, Madame Geneviève, alinikatia nusu ya meza yake siku nilipofika na muhuri na bendera tu mkononi, hata kiti chake alinipa, yeye akakaa kwenye benchi la wanafunzi. Kazi hii naipenda, mshauri, mwaka jana wanafunzi wangu kumi na wanne kati ya kumi na wanane walifaulu mtihani wa serikali, wakanimwagia poda ya shangwe mpaka ndani ya masikio, mama mmoja akacheza mbele ya biro, yaani ofisi, na mtoto mgongoni, nami nikaapa kwamba mwaka huu hatabaki hata mmoja. Lakini mchana ni mfupi, mvua ikipiga mabati mwalimu hasikiki, saa kumi na moja darasa linaanza giza, tena kila siku kabla ya masomo lazima niwapange watoto mbele ya bendera niwape maneno machache, robo saa tu, kwa sababu mtoto aliyekimbia anahitaji kutiwa moyo.

Basi tangu mwezi wa pili, nikifika saa tano na Madame yuko darasani anafundisha Kifaransa, nilikuwa nasukuma mshale wa saa ya ukutani dakika kumi mbele, na jioni wote wakienda naurudisha. Saa ile ndiyo sheria ya shule, simu za walimu zinabaki ndani ya kikapu, hivyo watoto wa asubuhi walitoka mapema na wangu wakaingia, nasi tukamaliza kwa giza, si kwa saa.

Sasa wazazi wamelalamika, na Madame akamwita Muzee Honoré, mpiga kengele.

"Honoré, njaa ndiyo inakusukuma? Mbona unapigaka kengele mapema?"

"Madame Préfète, miye naangaliaka tu saa ya biro. Ikifika, napiga."

"Saa ya biro? Asubuhi hii nimeilinganisha na simu yangu, iko sawasawa!"

Nami nilikuwa pale, napanga karatasi zilizokwisha kupangwa. Akampa barua ya kuomba maelezo, ajibu kwa maandishi, na mwisho wa mwezi baraza la shule linaweza kumsimamisha, mtu mwenye miaka ishirini na miwili kazini. Na mbaya zaidi, jioni ile alinifuata mimi: "Monsieur le Préfet, weye unajua Kifaransa muzuri, unisaidie kuandika jibu." Nikamwandikia, kurasa mbili, nzuri kweli, akaniletea ndizi za kunishukuru, nikazila. Tangu hapo saa siigusi, kengele inalia kwa wakati wake, na Madame anawaambia walimu, "Munaona? Barua imemuponyesha!" Nikisema ukweli atatufukuza, na watoto mia mbili watasomea wapi? Nifanye nini?

Préfet wa mchana, Bunia

Ndugu Préfet,

Nimecheka, unisamehe, nimecheka kwenye ndizi. Halafu nikaacha kucheka, kwa maana ulizila.

Niliongoza shule upande wa Mahagi miaka kumi na saba, na poda hiyo ya masikioni ninaijua. Hakuna mshahara unaoifikia. Lakini acha nikueleze jambo moja kuhusu kazi yetu: wanafunzi wakifaulu, poda inamwagwa juu, kwa préfet; lakini kukiwa na kosa, linashuka chini mpaka limpate yule asiyejua kuandika jibu. Kazi yako ni kulizuia lisishuke. Wewe umelisindikiza, tena kwa Kifaransa kizuri.

Sasa tuhesabu pamoja. Umechukua kwa jirani dakika kumi. Hotuba yako ya kila siku ni robo saa. Unaona? Dakika ulizokuwa unazitafuta ukutani zilikuwa mdomoni mwako. Usione haya peke yako, mimi wanafunzi waliniita Redio, na siku msichana mmoja, Chantal, alipoanguka kwa jua nikiwa kwenye jambo la tatu, nilisema, "Mungojee kidogo, limebaki la nne." Mtoto aliyekimbia anahitaji kutiwa moyo, ndiyo. Mwalimu anayeanza kwa wakati anamtia moyo kuliko wewe.

Nenda leo. Majina nimeyabadilisha, lakini saa ni ileile, na Bunia si kubwa; gazeti hili lisikutangulie. Ingia biro wakati Honoré yupo, na neno lako la kwanza liwe, "Ni mimi." Usianze na vita, usianze na mvua wala mabati. Kisha andika maelezo yako kwa mkono, ukurasa mmoja, sahihi yako chini, uombe yawekwe kwenye faili mahali pa ile barua aliyopewa Honoré. Na kesho asubuhi, mbele ya walimu na wanafunzi wa Madame, omba dakika moja useme mkono uliosukuma saa ni wako. Dakika moja, nimesema.

Madame atakasirika. Mwache akasirike, ana haki. Akikutoa kwenye meza yake, kakae ukumbini na muhuri wako. Ila mwambie watoto hawakusukuma kitu, wabaki. Mtu aliyekupa kiti chake akakaa kwenye benchi hatawafukuza watoto mia mbili kwa ajili ya mshale, mradi asiusikie ukweli kwa mwingine.

Mwisho, msamaha wa Honoré usiuombe kwa maneno, unayo mengi mno. Mwombe abaki kazini nusu saa zaidi, umlipe wewe, asimame karibu na kengele unapowahutubia watoto wako. Mpe dakika tatu za kukuhesabia. Zikiisha apige, nawe unyamaze hapohapo, hata kama sentensi iko katikati.