Mtu wa Kumbeba Mama

Nyumba ya tatu kutoka ukuta wa bahari,
14 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu,

Kabla ya lolote nipe hali yako. Kifua kimeacha kukusumbua? Wifi yangu ameshapona mkono? Na hao wanangu wawili, shule inakwendaje? Huku tu wazima. Mama presha imetulia, anakula, na ulimi wake ni ule ule. Mimi nalalamikia mgongo tu, lakini kwa miaka hamsini na minane nani asiyelalamika?

Zahanati bado natoa dawa kwenye dirisha lile lile, ila wateja si wale. Ulipoondoka, miaka kumi na sita iliyopita, asubuhi nzima ilikuwa dawa za kikohozi za watoto, kina mama wamebeba vichanga, kelele tupu. Siku hizi ni presha, sukari na magoti. Dawa za watoto zinaisha muda wake kwenye rafu hata hazijafunguliwa. Kiwanda cha samaki kilipofungwa, vijana walikufuata mmoja mmoja, na waliotoka wanazalia huko huko. Sikulaumu, nasema ilivyo.

Basi nikupe kisa. Unaikumbuka ile orodha ya kamati ya mafuriko? Kila asiyeweza kupanda ngazi ana kijana wake wa kumbeba hadi ukumbi wa shule, kule mlimani, bahari ikivuka ukuta. Orodha bado imebandikwa zahanati, na hakuna aliyeigusa tangu uondoke. Jumamosi iliyopita, saa kumi jioni, kamati ikapiga king'ora cha majaribio, kila mbebaji aende kwa mtu wake.

Wee, ungecheka! Nilikuwa juu ukumbini na wagonjwa wangu, nawatazama wanavyokuja. Kinyozi alitakiwa ambebe fundi cherehani. Orodha inamwita kijana, naye ana miaka sitini na sita na ngiri juu yake. Alimbeba hatua nne, akakaa chini. Ikabidi fundi cherehani, kwa mguu wake mbovu, amshike yeye mkono, wakapanda pole pole wakitukanana. Mwalimu mstaafu alikwenda kumchukua jirani yake, kufika mlangoni ndipo akakumbuka jirani alifariki mwaka juzi. Akaketi pale barazani apumzike.

Tulicheka mpaka machozi. Halafu tukahesabu, kicheko kikatuishia. Zamani wa kubebwa walikuwa tisa, na vijana waligombania kuwabeba. Leo ni arobaini na mmoja, na wenye nguvu za kubeba ni kumi na wawili, tukimtia na mwokaji mikate ambaye goti moja halikunjiki.

Sasa nije kwa mama. King'ora kikilia mimi kazi yangu ni kuwatoa wagonjwa, hilo unalijua, na ndiyo maana nyonga yake ilipovunjika ulipewa wewe. Jina lako bado liko mbele ya jina lake. Basi siku hiyo alivaa viatu, akafunga dawa zake kwenye mfuko, akakaa kizingitini. Fundi bomba aliyehamia nyumba ya jirani, kijana mwenye adabu zake, akaja na toroli amelitandika blanketi. Mama akamshukuru, akakataa. Alimwambia, "Mimi nina mtu wangu, baba." Zoezi likaisha, watu wakashuka, nikamkuta pale pale.

Usidhani akili imemruka. Anajua uliko, na tarehe uliyoondoka anaikumbuka kuliko wewe. Jumapili akaja Cheche, yule mchomeleaji mstaafu, ndiye mwenyekiti wa kamati siku hizi. Alikuja na kalamu ili abadilishe jina. Akasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mama akamkaribisha chai na kumwambia kalamu airudishe mfukoni. Alipotoka nilimfokea mama, nakiri. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Nikikubali afutwe, nitakuwa nimekubali kwamba harudi."

Nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Mdogo wangu, mimi ndiye niliyekufundisha kufunga kamba za viatu, kwa hiyo nitasema bila kuzunguka. Umeandika "mwakani" mara sita. Mimi niliacha kuamini tangu ile ya tatu, mama ameziamini zote. Nakupenda, na nimekukasirikia, yote mawili kwa pamoja. Sikuombi urudi. Una kazi, una nyumba, una watoto wenye shule, na ningekuwa wewe huenda nami ningebaki. Watu wa rika lako karibu wote wamefanya hivyo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya.

Ninachoomba ni barua, kwa mkono wako, iende kwake, siyo kwangu. Mwezi ujao orodha mpya inabandikwa, na Cheche hatalifuta jina lako mpaka mama akubali au wewe mwenyewe useme. Kama unakuja, andika tarehe. Kama huji, mwombe ampokee fundi bomba. Atalia, nami nitakuwa naye. Lakini ukimwandikia tena "mwakani", siku bahari itakapovuka kweli mimi nitakuwa zahanati, kijana atakuja na toroli lake, na mama atamrudisha, abaki anakungoja wewe.

Nisalimie wifi na watoto. Mama mdogo na mumewe wanakusalimu sana. Mungu akupe la kumwambia mama, na akupe moyo wa kuliandika.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimekasirika.