Bwana Yangu Hajui Valse

Lushebere, siku ya Mungu, 1956

Njo bwana yangu mwenyewe alinipeleka kwa foyer, ile nyumba ya kufundishia wanawake! Alisema bibi ya karani lazima ajue kucheza valse na bolero. Miezi mitatu Mama Veronika, mwalimu wa foyer, alitufundisha sisi wanawake, mpaka miguu yangu ikazoea.

Leo kwa karamu ya kazi yake, tulicheza valse, bwana yangu akanikanyaga mara mbili. Nikamwongoza polepole, asianguke mbele ya watu. Wenzake wakacheka: bibi anaongoza bwana!

Njiani akasema, "Usirudi tena kule. Unanipatisha haya."

Mimi! Nikatembea mbele yake mpaka nyumbani.

Kesho nitarudi kwa foyer. Nimemwambia, "Papa Anselme, Jumamosi, siku ya posho, wanafundisha wanaume kule. Uende na wewe."

Ametoka. Iko inje, anavuta tumbaku.