Katuni Yako na Kengele ya Baba

Nyuma ya kinu cha kusaga mahindi,
Bumula, Bungoma.

Jumanne, 21 Oktoba 2025

Mpendwa ndugu yangu Wepukhulu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Ubelgiji? Baridi imeshaanza? Ivy naye hajambo, na zamu zake za hospitali bado ni zile za kumchosha? Mwambie ale vizuri. Sisi huku tu wazima. Goti la Mama linamsumbua mvua ikinyesha, na siku hizi mvua inanyesha kila alasiri, kwa hivyo unaweza kujijazia mwenyewe. Mahindi tumevuna lakini yamekataa kukauka. Mimi na cherehani yangu tunasukumana tu, sare za shule hazijawahi kuisha.

Baada ya salamu, nina hasira na wewe. Nimetanguliza salamu kwa sababu Mama alinilea vizuri, la sivyo ningeanzia hapa.

Umeshangaa kuona barua ya kalamu na stempu katika mwaka huu wa sasa. Nimeandika kwa sababu kwenye simu huambiliki. Nikikutumia jambo la maana unanijibu kwa kile kiuso cha manjano kinachocheka mpaka kutoa machozi. Karatasi hii haina mahali pa kubandika kiuso. Keti chini usome.

Ni ile katuni yako. Ulipomtumia Lenah mwezi uliopita, ukasema ni ya kwanza kuchapishwa katika jarida la klabu ya baiskeli ya huko, tulifurahi wote. Kitinda mimba wetu alifurahi kupita kiasi. Alikwenda saiba akaichapisha kwa rangi, karatasi kubwa, akaibandika sebuleni kwa Mama karibu na kalenda ya kanisa. Hakuna aliyeielewa. Maneno ya chini ni ya lugha ya huko, na mimi nilipokuuliza yanasema nini, ulinijibu, "Ni joke ya macyclist, sis, ngumu kuexplain." Halafu kiuso.

Ngoja nikukumbushe ulichochora, maana naona ulichora ukaenda zako. Picha ya kwanza, mwanamume mwenye tumbo anajaribu kuinua baiskeli yake, jasho linamtoka. Ya pili, anang'oa kengele. Ya tatu, anang'oa dainamo na taa. Ya nne, keria. Ya tano, madigadi na stendi. Ya sita, baiskeli imebaki mifupa, imeegemezwa ukutani, na bwana mwenyewe ameketi mezani na sahani ya chipsi mlima mzima na glasi ya bia, anatabasamu.

Sasa iangalie kwa macho ya mtu wa Bumula. Huku baiskeli haipunguzwi, Wepukhulu, baiskeli inaongezwa. Unaongeza keria pana, unaongeza stendi ya miguu miwili, unaongeza mto wa abiria wenye nyuzi nyekundu. Mtu anayeng'oa vitu kwenye baiskeli yake nzima anafanya jambo moja tu: anauza. Na ukimkuta baada ya hapo na glasi mbele yake, huulizi amepata wapi.

Na sisi watu wa nyumba hii tunamjua mtu wa namna hiyo. Ndiye aliyetuzaa.

Ulikuwa na miaka tisa, mimi nilikuwa darasa la nane. Baba alikuwa akibeba abiria kutoka hapa mpaka Bungoma mjini, na ile baiskeli ndiyo ilikuwa shamba letu, ng'ombe wetu na karo yetu. Halafu pombe ikamshika. Kwanza ilikwenda kengele. Ikafuata dainamo, ikafuata keria ambayo wewe ulikuwa ukiikalia kwenda shule, kisha madigadi na stendi siku moja. Mama aliificha fremu jikoni nyuma ya kuni, na hapo ndipo mimi nikaacha shule nikaenda kujifunza kushona. Baba aliokoka mwaka uliofuata, hajaonja tone tangu hapo, miaka kumi na tisa. Na kwa miaka hiyo yote hakuna aliyetaja baiskeli mbele yake, hata wageni tuliwaonya. Wewe hukuitaja. Wewe uliichora.

Baba alitoka shambani akaikuta ukutani. Alisimama mbele yake na jembe bado mkononi. Akauliza nani amechora. Lenah, kwa furaha zake, akasema ni wewe, na kwamba wazungu wote wameiona. Baba akasema, kwa ile z yake inayotoka s, "Kumbe huyu mtoto alienda kuniusa kwa wasungu." Akatoka nje. Tangu siku hiyo akawa anakula ugali wake barazani peke yake, mvua inyeshe isinyeshe, na Mama anapeleka sahani na kurudisha sahani bila mazungumzo. Chapisho lilibanduliwa siku hiyo hiyo, lakini nani angeweza kubandua kilichokwisha kuingia kichwani?

Halafu akatangaza kwamba siku ya Jamhuri, wazee watakapokwenda Kitale kwa mzee Kiragu, baba yake Ivy, kukuombea uchumba, yeye atakuwa Kiminini kwa shangazi Phanice, ana shughuli. Shughuli gani? Hakusema. Wewe unajua, na Ivy anajua, na mzee Kiragu anajua vizuri kuliko nyote, kwamba hakuna posa inayoingia katika boma la watu bila baba wa kijana. Ami zako wangefika pale waseme nini? Kwamba mwenyewe amekasirishwa na mchoro wa baiskeli?

Nikakupigia simu. Ulikuwa kazini. Nikakupigia tena, ulikuwa mazoezini. Basi nikasema nitautafuta huo mzaha mwenyewe.

Nilianza kwa Mukhwana, fundi wa baiskeli hapa sokoni, nikamwonyesha kwenye simu nikidhani mtu wa spana ataelewa. Aliitazama akatingisha kichwa kwa huruma. "Huyu jamaa ameuza spea zote, bana, ati sasa anakula! Si hata familia hana?" Nikamshukuru nikaondoka nikiwa nimechemka zaidi.

Wiki iliyopita nilikuwa na safari ya Kitale kununua vitambaa na zipu. Nje ya duka la vitambaa nikamkuta msichana amevaa kofia ya plastiki na zile nguo za kubana, ameketi kibarazani na soda, baiskeli nyembamba iko kando yake. Niliona haya, lakini haya ingenisaidia nini? Nikamsalimu nikamwambia nina shida ya mchoro. Anaitwa Jepkorir, anatoka Kachibora, ni mwendeshaji wa mashindano kweli kweli. Nikampa simu. Alipofika picha ya sita alicheka mpaka soda ikamtokea puani.

"Auntie, huyu ni coach wetu!" akasema. "Huyu ni sisi wote!"

Akanifundisha, na mimi nikasikiliza mtu wa miaka ishirini kwa subira ambayo hujawahi kuiona kwangu. Kumbe nyinyi watu wa baiskeli mnapima uzito wa kila kitu. Skrubu mnapima. Mtu anatafuta chupa ya maji iliyo nyepesi kuliko ya mwenzake, anajisumbua mwaka mzima ili baiskeli ipande mlima kwa urahisi, halafu jioni anakula sahani tatu na kuirudishia uzito wote kwa tumbo lake mwenyewe. Kwamba cha kupunguzwa kilikuwa tumbo, si kengele. Huo ndio mzaha. Alinipa baiskeli yake niinue na niliinua kwa vidole viwili, nikaogopa kuivunja.

Nilitaka kucheka na nikashindwa, kwa hasira. Nimesafiri kutoka Bumula mpaka Kitale kuelezwa kichekesho! Sentensi mbili tu, Wepukhulu. Ungeandika sentensi mbili kwa Lenah, Baba angekuwa amekula mezani siku zote hizo.

Nilikuwa naaga Jepkorir aliponirudishia simu, akaitazama tena kidogo. "Lakini auntie, kuna kitu," akasema. "Hii si baiskeli ya mbio. Baiskeli yetu haina keria. Haina dainamo, haina stendi, hata kengele wengi hatuweki. Mwenye kuchora amechora baiskeli ingine kabisa. Na hii kengele, ona, ameichora ikiwa imebonyea."

Nikaketi tena palepale kibarazani.

Wewe unakaa na watu wa baiskeli kila siku. Unajua baiskeli zao zilivyo. Na ulipotaka kuwachekesha, mkono wako ulichora baiskeli ya Baba, na kuibomoa kwa utaratibu uleule, kipande baada ya kipande, mpaka kwenye glasi. Nakuuliza kama dada yako wa kwanza: ulijua unachofanya? Usinijibu kwa kiuso. Kama ulijua, niambie ni hasira au ni nini, nami nitakuelewa kuliko unavyodhani, maana hata mimi nina yangu, nilipenda shule. Kama hukujua, basi ujue sasa.

Niliamua nimweleze Baba nusu ya kwanza, ile ya uzito, na nusu ya pili nibaki nayo mwenyewe. Jumapili baada ya kanisa nilimfuata barazani na ile karatasi ya Lenah imekunjwa ndani ya Biblia. Mama akasimama mlangoni akijifanya anapepeta mchele. Nikaeleza kama Jepkorir alivyonieleza. Baba alinisikiliza bila kunitazama.

"Kwa hivyo huyu hakuusa," akasema.

"Hakuuza, Baba. Alikuwa anapunguza uzito."

"Ndio apande mulima mbio?"

"Ndiyo."

"Na tumbo lote hilo?"

"Ndiyo, Baba."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Baba alikuwa anacheka, ndugu yangu, kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau, kile cha kukosa pumzi. Mama akaangusha ungo. Nikashusha pumzi nikaanza kukunja karatasi haraka haraka, nikidhani nimeshinda.

Akanishika mkono. Akaifungua tena, akaweka kidole kwenye picha ya pili. "Lakini hii kengele ni yangu," akasema. "Hapa niligonga geti ya kanisa." Hakusema kwa ukali. Akaichukua karatasi, akaingia nayo ndani, na alipoketi aliketi mezani. Alikula mezani, Wepukhulu. Mama alimpakulia huku amempa mgongo ili asionekane uso.

Jana asubuhi alikuja kibandani kwangu na koti lake la harusi ya Lenah. Akasema mabega yanampwaya, nimpunguzie, kwa sababu siku ya Jamhuri anakwenda Kitale na hataki mzee Kiragu adhani amevaa koti la kuazima. Shangazi Phanice atapitiwa pale Kiminini njiani. Kwa hivyo upande wa posa tulia, kateni tikiti. Ila ujue kwamba nimefanya kazi yako, na ukifika hapa kuna zipu mia mbili za kushona zinakungoja.

Mama anakusalimu na kusema usitembee kichwa wazi kwenye baridi. Lenah anakusalimu, ameapa hatabandika tena kitu ambacho hajakielewa. Ami na watoto wao wote wanakusalimu. Fundi Mukhwana pia, anauliza kama yule jamaa alishapata spea. Msalimie Ivy sana, na mwambie huku anasubiriwa kuliko wewe. Mwenyezi Mungu awalinde katika safari na awalete nyumbani wazima.

Nilikuwa nimefika hapa nikitafuta gundi ya bahasha, Baba akapita kuuliza koti. Akaona barua. Akauliza kama ni ya kuja kwako, nikasema ndiyo. Akasimama akitazama barabarani kama mtu anayesubiri abiria, halafu akaniambia niongeze maneno haya, na niyaandike kama alivyoyasema:

"Mwambie amechora visuri, lakini alisahau pampu. Pampu ndio niliusa kwanza."

Akaondoka kabla sijainua kalamu. Miaka kumi na tisa, hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuhusu pampu.

Mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa nimekukasirikia,

Phelista