Wakili Niliyemkwepa

Redruth, Jumanne

Kaka Jory,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako limezizoea ngazi za Plymouth. Sisi huku hatujambo. Mvua haijakatika tangu Jumamosi, na Shangazi Loveday bado anaoka mikate ya nyama mikubwa kuliko sahani, kisha anamnunia asiyemaliza. Anakusalimu.

Ile nyumba ya mawe yenye mlango wa kijani ninayotaka kuinunua, sijaipata wala sijaikosa. Ijumaa saa sita mchana tunabadilishana mikataba na muuzaji, na baada ya hapo siwezi kujitoa.

Kosa langu lilikuwa kwenye kuchagua wakili. Dalali alinipa jina la kampuni ya mbali, huko kaskazini, inayofanya kila kitu kwa mtandao. Alisema, "Hawa ni wepesi, mpendwa, hata viatu hutahitaji kuvaa." Nikakubali. Kila nikipiga simu napokewa na mtu mwingine, naye ananiuliza jina langu upya. Alhamisi iliyopita niliuliza kama wamepata ripoti ya migodi. Yule bwana akauliza, migodi gani? Nikamweleza kwamba ardhi yetu imechimbwa bati kwa vizazi, na huku hakuna anayenunua nyumba kabla ya kujua kilicho chini yake. Akanijibu kwa upole kwamba jambo hilo halimo kwenye orodha yao, na kwa kuwa sikuchukua mkopo, hakuna benki ya kulidai.

Shangazi aliposikia aliweka kisu chini. "Mtoto wa mchimba bati wewe, umeenda kutafuta wakili kwa watu wasiojua shimo. Na wakili Nancarrow ana ofisi pale juu ya duka la viatu, mwaka wa arobaini sasa." Nilimwambia Nancarrow ana kazi nyingi. Jibu hilo nimelitoa kwa miaka mitano.

Jana nilipanda ngazi zake. Hakunikaribisha kiti. Alitandaza ramani yake ya zamani, akaweka kidole: mdomo wa shimo la mgodi, pale pale wenye nyumba walipoongeza jiko. Huenda lilizibwa vizuri, huenda lilifunikwa kwa mbao tu. Lazima watu waje watoboe ardhi na kupima kabla sijasaini. Wakili wa muuzaji alifundishwa kazi na Nancarrow mwenyewe. Yeye akiomba tuahirishe wiki mbili, atapewa. Nikiomba mimi, nyumba inakwenda kwa mnunuzi wa pili anayengoja. Nikamwomba awe wakili wangu. Alifungua kabati, akatoa barua, akaniuliza saini ya pili ni ya nani.

Kaka, barua hiyo niliiandika mimi. Tulipouza nyumba ya baba niliona Nancarrow anachelewa, nikamshtaki kwa chama cha mawakili. Niliandika kwamba ni mzembe, tena mlevi, na hilo la pili sikuwa na hakika nalo. Malalamiko ya mtu mmoja niliyaona mepesi, nikaongeza jina lako na kuiga saini yako. Uliponiuliza kwa nini Nancarrow hakusalimii tena kwenye kwaya yenu, hata akaomba asisimame karibu nawe, nilikwambia ni uzee. Ukaiacha kwaya. Mwaka uliofuata ukahama.

Nilimweleza yote. Alisema kazi yake imesimama juu ya saini za watu, na hawezi kumchukua mteja aliyeiga ya mwenzake mpaka mwenye saini ajue. Atakupigia simu Alhamisi. Hatakuuliza kama umenisamehe, atauliza tu kama umeipata na kuisoma barua hii. Ukimjibu kwamba umeisoma, atanichukua na kusimamisha mikataba ya Ijumaa. Usipomjibu, nitajitoa mwenyewe, na nyumba itakwenda. Nitaelewa.

Nisalimie mkeo Tamsin, umwambie mbegu zake za maharage zimeota.

Ni mimi dada yako,
Lowenna Tregear

Saini ni moja, na ni yangu.