Hesabu Niliyokutoa Ndani Yake

Mpendwa wangu Maman Nsimire,

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilishika karatasi na kalamu nikashindwa kumaliza hesabu ya kugawanya. Mimi! Mtu uliyemcheka miaka kumi na saba kwamba hata sambaza, visamaki vile vya ziwani, kwenye sahani anazihesabu kabla ya kula. Watoto wetu watatu walikuwa wamenizunguka mezani wakingoja, nami nimeikodolea macho karatasi. Asifiwe akaniuliza, "Papa, uko mugonjwa?" Nikamwambia hapana, ni jua tu linaniumiza macho. Nilimdanganya. Nilikuwa nakulilia wewe.

Umetuacha mwaka mmoja na miezi miwili sasa. Kaburini nimekuja mara nyingi nikakueleza mengi, lakini hili sikukuambia kwa sababu nilikuwa sijalijua.

Unaikumbuka ile safari ya Kigali. Asifiwe ndiye aliyeianzisha, baada ya kuona kwenye simu ya jirani ile bustani ya michezo: gurudumu kubwa linalopandisha watu juu, treni ndogo, mahali pa kuteleza hadi majini. Wiki nzima hatukulala kwa ajili yake. Mwishowe nikasema nyumbani kile ninachowaambia wakubwa wangu kazini kila siku, kwamba hakuna safari bila bajeti. Ukatuletea chai, tukaketi, nikapiga mistari kwa rula. Basi, kwenda na kurudi. Chumba. Chakula. Tiketi za michezo. Na mwisho imprévu, fedha ya kuweka kando kwa yale ambayo hatukuyatazamia.

Ukaicheka hiyo imprévu. "Sasa weye, kitu haujakitazamia, bei yake umeijua namna gani?" Watoto wakavunjika mbavu. Mimi nikanuna kidogo, halafu nikaanza kukuelezea asilimia kumi, kama vile uko kwenye semina. Uliniacha nimalize. Ulikuwa na uvumilivu wako.

Watu watano, siku tatu. Nikajumlisha, nikagawanya: dola mia moja thelathini na nane kwa siku. Bahasha yetu ilikuwa na mia tatu na sitini, maana yake mia na ishirini kwa siku na si zaidi. Nikakata hapa, nikakata pale, ikakataa kushuka. Mugisho akasema tupunguze siku moja. Asifiwe akaanza kulia. Wewe ulikuwa umesimama na birika mkononi, ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Munitoshe mie ndani ya hesabu. Nani atabakia na nyumba? Na ile mambo ya kuzunguka inanipa kizunguzungu."

Nikakutoa. Haikuchukua hata dakika moja. Kiti chako ndani ya basi, tiketi zako, chakula chako, jumla dola sitini. Nikagawanya tena, zikawa mia na kumi na nane kwa siku. Nikapiga meza: "Imekubali!" Watoto wakaruka, nawe ukacheka pamoja nao. Nimejitahidi sana kukumbuka uso wako ulikuwaje wakati ule. Siukumbuki, kwa sababu nilikuwa natazama karatasi.

Ulitupikia kama watu wanaohama nchi. Chapati, mayai ya kuchemsha, maandazi ya beignets, sambaza za kukaanga na vitunguu. Ulitusindikiza hadi mpakani Ruzizi ukabaki upande wetu, unapunga mkono mpaka tukapotea. Ndani ya basi, tulipoingia msitu wa Nyungwe, Mugisho akafungua zile sambaza, basi zima likageuka kututazama. Maman mmoja wa kiti cha mbele akasema, "Huyu aliyezikaanga abarikiwe," tukamgawia, naye akatugawia ndizi. Chakula chako kilitufikisha hadi jioni ya siku ya pili.

Na tulifurahi, Maman Nsimire, siwezi kukuficha. Pale juu ya gurudumu Asifiwe alinishika shingo akapiga kelele, "Maman angeona!" Nikamjibu, "Maman hapendi vitu hivi." Nilisema kwa uhakika wa mtu aliyekuuliza.

Tuliporudi ulimkalisha kila mmoja akusimulie. Uliuliza maswali mengi! Mkanda unafungwa wapi? Ukifika juu kabisa unaona nini? Na mtu akiogopa, wanalisimamisha? Mimi nilikuwa na haraka ya kutoa ripoti yangu. Nikaweka dola sitini na tano juu ya meza na kutangaza kama waziri: "Reliquat, masalio haya! Imprévu imerudi nzima, na ya chakula imebaki!" Ukapiga makofi. Halafu ukasema tuzitie kwenye minerval ya Mugisho, zimsaidie shuleni, nami nikakusifu mbele ya watoto kwamba wewe ni mwanamke mwenye akili.

Miezi minane baadaye presha ikakuangusha sokoni Kadutu, juu ya vitenge vyako vya kuuza. Siku mbili tu, tukakupoteza.

Tangu hapo nyumba hii haicheki. Tunakula, tunasali, tunalala. Ndiyo maana watoto waliponiomba turudi Kigali likizo hii, sikubishana. Jumapili nikaitoa ile karatasi ya zamani ninakili bei. Nikakuona. Mstari wako, nimekukata kwa rula, vizuri, bila kuharibu. Na chini kabisa, kwa mwandiko wangu uleule: reliquat, sitini na tano.

Sitini na tano, mke wangu! Nafasi yako ilikuwa sitini. Ungekwenda nasi, ungepanda, ungekula, na bado tungerudi na dola tano mfukoni. Eeh, Mungu wangu. Mimi ninayekagua vitabu vya watu, ninayewarudishia risiti kwa sababu ya franga mia mbili, hilo sikuliona. Lakini wewe ulikuwa muuzaji. Ulihesabu haraka kunishinda. Naamini uliiona siku ileile, fedha ikiwa juu ya meza na mikono yako ikipiga makofi.

Hapo ndipo nilipokwama. Asifiwe akaniletea maji, nikanywa, nikaanza upya: watu wanne. Bei zimepanda zote. Siku tatu hazikubali kabisa. Na Nsimire wako, mkubwa wa watoto wetu, ambaye sasa ni mrefu kuliko ulivyokuwa, akaanza kukusanya vikombe. Akasema bila kunitazama, "Papa, munitoshe mie. Nitabakia na nyumba."

Nikuambie ukweli, hata kama unanitia aibu. Kichwa changu kilikuwa kimekwisha kumtoa. Kabla hajamaliza kusema, nilikuwa na jumla mpya.

Kwetu mgeni akikataa chakula mara ya kwanza, nani anamwamini? Tunajua ni adabu tu. Tunamwambia karibu mara ya pili, mara ya tatu, tunamvuta hadi mezani, na akikataa kabisa tunamfungia aende nacho. Wewe mwenyewe hukuwahi kumwacha mtu aondoke kwa "nimeshiba" moja. Nami nimeishi miaka yote hii nikiwabembeleza wageni, hata watu wa kodi, lakini mke wangu aliposema nimtoe, nilimwamini mara ya kwanza kwa sababu hesabu yangu ilitaka nimwamini.

Nikaweka kalamu chini. Nikamuuliza Nsimire, "Hutaki kuenda?" Akasema, "Asifiwe ndiye mutoto, papa. Mie niko mukubwa." Nikamwambia, sikukuuliza umri, nimekuuliza kama unataka kuenda. Akasema nyumba haiwezi kubaki peke yake. Nikamwambia nyumba ina majirani. Nikamuuliza mara ya tatu. Akaweka vikombe chini, akajifunika uso kwa kitenge, akalia kama mtoto. "Ninataka, papa. Ninataka kuenda na nyinyi wote."

Nikamshika. Alipotulia akaniambia, taratibu, ili wadogo wake wasisikie: "Na maman alikuwa anataka. Siku ulitutuma kupiga picha za karatasi ya kuvuka mpaka, kabla ya ile hesabu, na yeye alipiga. Alisuka nywele kwanza."

Ile picha, Maman Nsimire. Ndiyo ile tuliyoikuza, Mugisho akaibeba mbele ya jeneza lako. Watu wote walisema umetoka vizuri, na mimi niliitikia, nikijiuliza tu uliipiga lini.

Basi nimeandika watu wanne, siku mbili. Asifiwe amelia kidogo kwa ile siku ya tatu, kisha amenyamaza. Maman Cito wa jirani ataangalia nyumba. Nilimwomba jana, akashangaa kwamba hatukuwahi kumwomba.

Mimi sijui huko uliko mambo yanakwendaje, wala kama barua zinasomwa. Ninajua tu kwamba ulisimama pale na birika, ukasema nikutoe. Sasa naamini ulikuwa unangoja nikuulize tena. Leo ninakuuliza, nimechelewa, lakini ninakuuliza: Maman Nsimire, ulitaka kwenda?

Nisamehe. Pumzika, mke wangu.

Ni mimi mumeo,
Papa Nsimire